Alfajiri Mtoto Yuko na Nani

Jumatano, tarehe 6 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako anailipia kaka yako, na anaifungua anavyotaka, bila kubisha hodi. Mshonaji wa jirani yenu ameniahidi atakufikishia mkononi. Ukishasoma, jibu mpe yeye huyo huyo. Kila Ijumaa anakuja huku kununua uzi.

Jana tulikuwa mahakamani. Wifi, mpaka sasa hivi nimefura. Leo kiwandani nimebamiza mlango wa tanuri mpaka vijana wangu wakaacha trei wakanitazama.

Hakimu ni mzee mpole, miwani iko nchani mwa pua, sauti ya taratibu. Akaniuliza ninafanya kazi wapi. Nikamwambia kiwanda cha mikate, mimi ndiye mkuu wa tanuri. "Unaingia saa ngapi?" Naingia saa tisa usiku, mheshimiwa, natoka saa sita mchana, na kengele ya shule ikilia nipo langoni. Hilo la langoni hakuliandika. Aliandika saa tisa usiku, akapiga mstari chini yake, akanitazama juu ya miwani: "Sasa mama, alfajiri mtoto yuko na nani?"

Kisha akamgeukia kaka yako. Nikasema haya, na yeye sasa aulizwe, msimamizi wa barabara anayekaa kambini wiki tatu, akirudi ni siku mbili za kufuliwa nguo! Unajua aliulizwa nini? "Bwana, unampenda mwanao?" Ebo! "Sana, mheshimiwa." Basi, akakaa, akanyoosha tai.

Mimi nimeulizwa ratiba, yeye kaulizwa mapenzi. Na asitokee mtu wa kuniambia nipunguze sauti.

Talaka yenyewe haina ugomvi, ndoa kila mmoja kaichoka. Ugomvi ni Chiriku. Mpaka uamuzi utoke atakaa hapo kwa baba yake, yaani kwako, na mimi nimwone Jumamosi tu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, nimwone kwa saa za kutembelea wagonjwa!

Lakini usihofu, nimewafunga mdomo. Nilimjibu hakimu kwamba alfajiri atakuwa na wewe. Nimepanga vyumba viwili karibu na kiwanda, kimoja chenu wewe na mtoto. Si ulisema mwenyewe siku ile tunaanua nguo, "Ukiondoka humu ndani, na mimi nafungasha"? Wakili wangu kafurahi, anasema shahidi kama wewe hapatikani. Kesi imeahirishwa mpaka Aprili.

Jumamosi mlete kwa mshonaji nimsuke. Na mafua yake, usimpe ile dawa ya chupa nyekundu, inamkosesha usingizi.

Ni mimi,
Mama Chiriku


Jumatatu, tarehe 11 Februari

Wifi,

Barua ilifika imeviringishwa ndani ya kipande cha kitambaa cha suruali, nikadhani mshonaji ananidai. Nimeisoma jikoni nikaunguza chakula. Eti unampenda mwanao! Ningekuwepo ningecheka wakaniweka ndani.

Kaka alilala hapa siku mbili baada ya mahakama, kisha karudi kambini. Kamletea Chiriku viatu, vizuri kweli, vyekundu, vya mtoto wa miaka minne. Mtoto wa miaka saba kavigeuza huku na huku, akaja kuninong'oneza, "Shangazi, baba anadhani mimi bado mdogo. Tusimwambie." Tumevificha juu ya kabati. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga mtu.

Mafua yamekwisha. Dawa ya chupa nyekundu niliimwaga siku nyingi, na aliyekuambia inamkosesha usingizi ni mimi. Usinifundishe.

Chiriku anauliza kwa nini unamsuka barazani kwa watu wakati una nyumba yako. Nimemwambia kwa mshonaji kuna mwanga mzuri. Kesho atauliza kitu kingine na mimi uongo umeniishia. Hakutaka kufumua zile nywele ulizomsuka kabla hujaondoka, hata zilipoanza kulegea. Analala amezishika.

Mengine: jokofu la mshonaji lilikufa wiki iliyopita, kila mtu akamwambia alitupe. Nililifungua nyuma, kumbe ni kile kifaa kidogo cha kuwashia mota kilichoungua. Nimebadilisha, sasa linagandisha mpaka maji ya kunywa. Mtaa mzima wananiita Fundi. Usicheke.

Hilo la vyumba viwili tutaongea. Ile siku ya kuanua nguo nilikuwa na hasira zangu.

Shangazi yake Chiriku


Kambini, Jumatano, tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Huku kazi imepamba moto, tunakimbizana na mvua kumwaga lami. Mtandao hakuna, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori.

Wakili ananisumbua. Anasema hakimu anaweza kuniuliza vitu vidogo vidogo vya mtoto, kwa hiyo niandikie haraka. Yuko darasa la pili au la tatu? Mwalimu wake ni mwanamke au mwanamume? Kile kifua kinachombana, kinaletwa na vumbi au chakula? Anapenda kula nini? Andika mwandiko unaosomeka, nitayakariri njiani.

Siku ya ushahidi sema kwa kifupi. Wewe upo nyumbani siku zote, huna kazi, huna mume, huna pa kwenda, kwa hiyo mtoto hawezi kukosa mtu. Mimi nimeshawaambia hivyo. Usianze hadithi. Unajua mwenyewe nimekuweka kwangu miaka yote hii bila neno.

Mwenzako huyo anachotaka ni kunikomoa. Amevimba kichwa na cheo cha tanuri, sasa anataka kumlaza mtoto juu ya magunia ya unga. Sitakubali.

Viatu vimemtosha?

Kaka yako


Jumatatu, tarehe 25 Februari

Kaka, shikamoo.

Viatu vimemtosha kidole gumba.

Maswali yako nimeyasoma na sitayajibu. Mwenye majibu yupo hapa, ana miaka saba na anaongea kuliko redio. Njoo ukae naye jioni moja tu, zima simu, atakueleza hata ambayo hujauliza. Ukikariri kwangu, hapo hakimu atakuwa ananihoji mimi kwa sauti yako.

Unasema umeniweka bila neno. Mimi nilikuja na begi moja, mtoto alipozaliwa, mkaniambia ni kwa wiki mbili. Nani kamweka mwenzake tutaulizana siku nyingine. Heshima yako ninayo, ndiyo maana naishia hapa.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sijui nikuite wifi au nikuite shahidi wa upande wa pili.

Mshonaji kaja kununua uzi leo, kaniuzia habari bila kujua ananichoma. Eti Fundi kapata nafasi chuo cha ufundi, upande wa majokofu na viyoyozi, mji mwingine kabisa, anaondoka mwezi wa nne, ovaroli keshashonewa! Nikajifanya najua. Nikamwambia ndiyo, tumefurahi mno.

Kila Jumamosi tunakaa bega kwa bega barazani, wewe umeshika kichana mimi nasuka, unanisimulia habari za paka wa jirani, na hili umelimeza! Nimekaa nikaunganisha moja na moja. Mwezi wa nne ndiyo mwezi wa kesi. Ni kaka yako, siyo? Kakutafutia chuo ili nikisimama mbele ya hakimu niulizwe tena lile swali lake, nibaki natoa macho. Mpe hongera. Kapanga vizuri kuliko anavyopanga barabara zake.

Jina lako nimelitoa mahakamani, na nimekula kiapo. Ukiondoka naonekana mwongo, na mwongo hapewi mtoto. Hilo unalielewa? Nitampoteza Chiriku, wifi. Atabaki kwenye nyumba ambayo baba hajui namba ya kiatu chake, analelewa na mtu wa kuokotwa, na mimi nitakuwa mgeni wa Jumamosi mpaka awe mkubwa aache hata kuniulizia. Na aliyenifikisha hapo awe wewe, uliyemwogesha siku ya kwanza mimi nikiwa siwezi hata kuketi!

Nilidhani wewe ni damu yangu. Kumbe ni damu yake.

Kesho nitakuja kumsuka. Mlete uondoke, usikae.

Mama Chiriku


Jumanne, tarehe 12 Machi

Wifi,

Sikukaa, kama ulivyoamuru. Nilisimama ng'ambo ya barabara juani mpaka ukamaliza, kama dereva wa matajiri. Sasa zamu yako. Wewe ndiye utakaa, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Kaka hajanitafutia chuo chochote. Hata hajui. Mtihani wa kuingia niliufanya Novemba, ile siku mliyonisaka mchana kutwa mkadhani nimempeleka mtoto kliniki. Chiriku alikaa nje ya chumba cha mtihani na mlinzi, akamfundisha nyimbo zote za shule. Chuo ni cha serikali, na kulala ni humo humo.

Na nikuambie jambo usilolijua: hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilipata nafasi Chiriku akiwa anatambaa. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umepewa tanuri, ukakaa kwenye ngazi ukalia kwamba bila mimi utaiacha kazi. Nikabaki. Mara ya pili kile kifua kilimlaza hospitali, nikabaki, wala sikumwambia mtu. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilibaki kwa sababu nampenda yule mtoto, nampenda kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini ninyi wawili mapenzi yangu mmeyafanya kabati la nyumba. Mnagawana nyumba, na kabati linajulikana litakaa wapi.

Kaka kamwambia hakimu alfajiri mtoto atakuwa na mimi. Wewe umemwambia hakimu alfajiri mtoto atakuwa na mimi. Watu mnagombana mpaka mnatafutiana mawakili, na jibu lenu ni moja, na jibu lenyewe ni mimi! Kuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mwenzetu, wewe una mpango gani na maisha yako?" Una hasira kwamba wewe uliulizwa ratiba na kaka akaulizwa mapenzi. Una haki, kasirika, hata mimi imeniuma. Lakini mimi sikuulizwa ratiba wala sikuulizwa mapenzi. Mimi nilitajwa tu.

Siku ile ya kuanua nguo nilisema nafungasha. Ulinisikia nikisema naja kwako?

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungelia. Wewe ukilia mimi nabaki. Tumeshajaribu mara mbili, tunajua matokeo yake.

Na usiniletee habari za damu. Kifua kikimbana alfajiri, wewe uko kwenye tanuri lako na kaka yuko kwenye lami yake, anamwita nani? Waulize majirani, wanasikia.

Nitakuja mahakamani. Nitasema kweli, na haitakupendeza wewe wala yeye. Una wiki chache za kutafuta jibu ambalo si mimi. Hilo siwezi kukutafutia.

Shangazi yake Chiriku


Ijumaa, tarehe 29 Machi

Wifi,

Barua yako niliichana vipande viwili. Kesho yake nikaiunga kwa gundi ya kubandikia lebo za mikate, nikaisoma tena. Halafu tena. Sina la kujitetea, kwa hiyo nakupa habari.

Nilikwenda kwa meneja nikaomba kazi ya mchana. Akaniambia mkuu wa tanuri haingii mchana, mkate unaokwa usiku ili asubuhi uwe dukani, hilo hata mtoto anajua. Nikamwuliza mchana kuna nini. Akasema kuna kufungasha. Nikasema nipe. Alicheka, alidhani natania. Alipoona sicheki akaondoa miwani.

Jumatatu nimemkabidhi glavu yule kijana niliyemfundisha mwenyewe, bado akifungua mlango anarudi nyuma hatua moja. Nimemwonyesha kona ya kushoto inavyowahi kuunguza. Nimemwambia asiiamini ile saa ya ukutani, anuse. Kisha nikaenda zangu chumba cha nyuma, nikavaa kofia ya plastiki, nikaanza kutia mikate kwenye mifuko. Nafunga, nabandika, nasukuma. Zamu ni ya saa za shule: nikipewa mtoto nitaingia nikishamfikisha, nitatoka kabla hawajatoka. Mabinti wa kufungasha walisogeza mikoba yao nilipoingia. Walidhani nimefukuzwa tanurini kwa wizi.

Wifi, nilipigania lile tanuri. Unajua walivyonicheka, eti mwanamke ataungua nyusi. Na sasa nimeliachia kwa hiari, hiari ya mtu aliyebanwa na mlango. Sasa niambie, nani atakwenda kambini kumwambia kaka yako, "Bwana, shuka, achia barabara, kuna nafasi ya kuhesabu kokoto karibu na nyumbani"? Thubutu! Yeye akifanya kazi anaitwa mtafutaji. Mimi nikifanya kazi naitwa mtoro. Kazi ile ile, jasho lile lile, mtoto yule yule!

Nimefuta jina lako. Wakili alishika kichwa, akasema namtupa shahidi ambaye ni silaha. Nikamwambia siyo silaha, ni mtu, na ana chuo. Ilinitoka tu. Nilipofika nje ndipo nikaona kwamba ungestahili kulisikia hilo siku nyingi.

Sema kweli yako yote. Nitakaa niisikie. Naogopa, sikufichi, nikilala nasikia sauti ya hakimu.

Kesho njoo ushike kichana. Nakuomba.

Mama Chiriku


Ijumaa, tarehe 24 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Anwani yako ya chuo kanipa mshonaji. Uliondoka siku ile ile umetoka kizimbani, begi liko mlangoni kwa mlinzi, hata kukumbatiana hatukukumbatiana vizuri. Kwa hiyo hujui yaliyofuata.

Kwanza ujue maneno yako bado yanazunguka pale mahakamani. Karani aliniambia. Uliposema, "Mheshimiwa, wote wawili wamekupa mimi, na mimi siku ya Jumatatu naanza masomo," kaka yako alikugeukia, ukaona uso wake? Mimi nilitazama sakafu. Uliposema, "Mama huyu naye alinitaja bila kuniuliza," masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa najua unakuja nalo, na bado liliniingia.

Ukatoka. Hakimu akageuza karatasi zake, akamtazama kaka yako, na kwa sauti yake ile ya taratibu akamwuliza: "Sasa bwana, alfajiri mtoto yuko na nani?"

Niliingoja siku hiyo kwa hamu, wifi. Kaka yako akanyoosha tai. "Nitatafuta mtu, mheshimiwa." Mtu gani? "Yeyote tu." Akaulizwa mtoto yuko darasa la ngapi, akataja la mwaka jana. Kifua kinaletwa na nini? Vumbi, mheshimiwa, au chakula, kimojawapo. Watu wakacheka. Na mimi niliyedhani ningeruka kwa furaha, niliona aibu kwa niaba yake. Halafu nikakasirika kwa kuona aibu kwa niaba yake, maana hilo nalo nimelifanya miaka yote.

Wiki mbili zilizopita hukumu ilisomwa. Chiriku nimepewa mimi. Nimeandika hiyo sentensi kama ndiyo nimeisikia sasa hivi. Yuko hapa mezani anachora, amenikalia nusu ya karatasi, anakusalimu, anasema yeye na mimi tunalala kitanda kimoja lakini ni kwa sababu mimi naogopa giza.

Baba yake atamchukua wikiendi moja moja, akiwa mjini. Wala sina kinyongo na hilo.

Ila sikiliza yaliyobaki, ndipo utajua kwamba mimi hata nikishinda naondoka na hasira. Ofisa wa ustawi wa jamii atakuja kunikagua kila mwezi kwa nusu mwaka. Nisirudi zamu ya usiku bila kuiarifu mahakama. Baba? Hana sharti hata moja! Hakimu kampongeza kwa kukiri mapungufu yake kiungwana. Mimi akaniambia nimepata bahati kuwa na mwajiri mwenye huruma. Bahati! Nimeacha tanuri, wifi, halafu nashukuru bahati!

Ofisa kaja jana. Dada wa makamo, viatu vya vumbi, faili kwapani. Kafungua kabati, kabonyeza godoro, kauliza dirisha linafungwaje. Akamwinamia Chiriku: "Mama huwa anakuacha peke yako?" Chiriku akamjibu, "Hata nikimwomba haniachi." Niligeuka nikajifanya natafuta vikombe. Basi simu ya yule dada ikaita, akasikiliza, uso ukabadilika, akaanza kukusanya vitu vyake mbio mbio. Sijui nini kilinituma. Nikamwuliza, "Dada, na wa kwako saa hizi yuko na nani?" Akasimama, mkono uko kwenye kitasa. Akasema, "Naomba hilo usiniulize leo." Akaenda zake. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, yote yakaniishia. Nilibaki natamani kumsindikiza.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki ya mwisho ya Juni yule kijana wa tanuri ana likizo, anaoa. Meneja kaniomba nilishike tanuri wiki hiyo. Wifi, kusikia tu moyo ulinipaa. Nimemwandikia hakimu, kakubali, sharti ni lile lile, nieleze usiku mtoto atakuwa na nani. Shule zitakuwa zimefungwa, na nadhani na chuo chenu pia.

Nakuuliza, siagizi. Unaweza kuja? Jina lako sijampa mtu. Ukisema hapana ni hapana, na sitalia. Nikilia nitalia bila kukuambia.

Ni mimi,
Mama Chiriku


Ijumaa, tarehe 31 Mei

Wifi yangu,

Hapana.

Nimeliandika hilo neno nikalitazama muda mrefu. Kwenu sijawahi kulitumia. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, naandika barua ya kuacha mchumba?

Wiki hiyo nina mtihani wa vitendo. Wanakupa jokofu bovu, hawakuambii linaumwa nini, wanakaa pembeni na kalamu. Darasani tuko wanawake wawili. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza kama tumepotea, ushonaji uko jengo la pili. Nilimwambia mshonaji ninaye, nilimwacha nyumbani. Mikono imejaa mikwaruzo, nalala kama gogo, na jioni nikisikia watoto wa walinzi wakicheza nje, namkumbuka Chiriku mpaka nasimama dirishani. Mwambie Julai nitakuja kumchukua siku mbili. Nitakuja kwa sababu nataka.

Hukumu nimeisoma kwa sauti, chumba kizima kikapiga vigelegele, kisha nilipofika kwenye masharti wakapiga kelele za aina nyingine. Umeibeba vibaya hasira hiyo peke yako. Igawe, huku tupo wengi.

Usikatae lile tanuri. Nakukataza kulikataa. Na usimtafute binti wa jirani, wala mshonaji, wala usimwombe yule ofisa maskini wa watu. Muulize baba yake. Ile wiki yote, siyo siku mbili. Mpe namba ya kiatu, mpe dawa ya kifua, mwonyeshe lango la shule hata kama shule imefungwa, ili alijue.

Atakuambia ana kazi. Atakuuliza huko kambini atawaambia nini wakubwa zake, mwanamume mzima anaomba ruhusa ya wiki katikati ya lami. Mwambie aseme ana mtoto.

Shangazi yake Chiriku